Kumbembeleza Mutoto Atoke

Kalemie, Jumatano, saa tisa ya muchana. Mvua inapiga bati tangu saa saba, kwa nguvu hivi kwamba hata mawazo yangu siyasikii vizuri. Moyo wangu uko mwepesi leo. Mugongo, hapana.

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye mukeka, miguu huku na huku, kaye, daftari langu, juu ya tumbo. Meza yangu ni mutoto. Akipiga teke, herufi inaruka. Kwa hiyo mistari ikienda upande, asilaumiwe muntu mwingine. Masista walinifundisha kuandika sawasawa miaka minane, na walikuwa wanachapa vidole.

Mutoto huyu amepitisha siku zake. Kwa karatasi ya muzalishi wetu wa materniti, alipaswa kutoka juma lililopita. Juzi Jumatatu muzalishi aliweka kile kipembe chake cha muti kwenye tumbo, akasikiliza muda murefu, akaanza kucheka.

“Moyo wake unapiga vizuri sana. Huyu anasikia raha, Mama Feza. Anafikiri nyumba ni yake, kumbe ni ya kupanga.”

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia atanivumilia mpaka Ijumaa. Ijumaa asubuhi, kama bado, nichukue muzigo wangu, anitume kwenye hospitali kubwa waniwekee kwenye mushipa serum ya kuleta uchungu.

Serum ninaijua. Hiyo njo ilimuleta Feza, binti yangu wa kwanza, miaka mitatu iliyopita. Siisemi vibaya, ilimuleta muzima, na mimi niko hapa ninaandika. Lakini uchungu wa kawaida, wanawake wananiambia, unabisha hodi, unaingia, unakaa, unatoka kidogo ukupe nafasi ya kupumua. Ule wa serum unaingia na viatu vyake na haukai chini. Mimi uchungu wa kubisha hodi siujui. Nataka kuujua mara moja katika maisha yangu.

Nimemuahidi muzalishi kwamba Ijumaa nitakwenda, na nitakwenda. Lakini Ijumaa bado haijafika.

Basi tangu Jumatatu ninambembeleza.

Jirani yangu Mama Salima, anayeuza vitambaa vya kutoka Kigoma na amezaa wanane, alinishika mukono palepale kwenye ua. “Pilipili,” alisema. “Wangu wa tano alikuwa mukaidi kama huyu. Nilikula pilipili, alitoka anakimbia.” Jumatatu hiyo nilipika samaki mikebuka na pilipili zile ndogo, nyingi, nikala na bukari, ugali wetu, machozi yakitiririka. Mutoto alinyamaza kimya. Mimi njo nilitoka ninakimbia. Mara ya tatu, bwana yangu alinifuata mpaka kwenye choo, akasimama nje, akaita kwa nguvu:

“Mama Feza! Ni mutoto?”

“Ni pilipili!”

Nilisikia Mama Salima akicheka upande wa pili wa seng'enge. Na nyuma yake wengine. Avenue yote ilijua.

Muzalishi pia alisema niiname, nichuchumae, nisikae kwenye kiti kama mugeni. Jana nilichukua kipande cha jembe nikaanza kusafisha mufereji ulio mbele ya nyumba, tumbo linaning'inia kati ya magoti. Mukubwa wa mutaa wetu, citoyen kama tunavyoitana wote, alipita na baiskeli yake, akasimama kabisa.

“Citoyenne, salongo ya kusafisha mutaa ni Jumamosi!”

“Citoyen, mimi Jumamosi sitakuwa na nafasi,” nilimujibu. “Nitakuwa na mutoto kwenye mukono.”

Alinisalimu kama askari, akaendelea. Mufereji sasa ni safi kuliko wote, mvua ya leo inapita ndani yake bila shida yoyote, na mutoto hata hakusogea.

Kuna dawa nyingine. Muzalishi alimuambia Papa Feza, bwana yangu, mbele yangu, bila haya, kama muntu anayetoa vidonge: “Kazi hii muliianza wawili, mumalizie wawili.” Papa Feza alitoka pale akitembea kama amepandishwa cheo bandarini anakofanya kazi. Zaidi ya hapo siandiki. Feza atajua kusoma siku moja.

Nayo haikuleta kitu. Papa Feza anasema tusikate tamaa.

Sasa nifike kwa mama mukwe, kwa sababu ni juu yake nilifungua kaye leo.

Alishuka hapa Jumapili na mashua ya kutoka Mpala, na kuku wawili, samaki wakavu, na chupa moja aliyoifunga ndani ya pagne, kitenge chake, kama mutoto muchanga. Hata maji ya kunywa alikuwa hajapokea. Aliniangalia tumbo, akauliza:

“Una neno na nani?”

Kwao, na hata kwetu kidogo, tumbo likipitisha siku, watu hawaangalii karatasi. Wanatafuta neno. Kuna muntu kati ya jamaa ambaye ameshika hasira na hajaisema, na hasira hiyo imekaa njiani kama muti ulioanguka. Mutoto anafika, anakuta njia imefungwa, anarudi kulala. Mwenye neno akilitoa mbele ya mwenye tumbo, na akambariki kwa maji ya kunyunyiza kutoka kinywani, njia inafunguka.

Nilimuambia sina neno na muntu. Hakuniamini. Alimuuliza bwana yangu. Alimuuliza Mama Salima, ambaye hata si jamaa. Mwisho alimukalisha Feza kwenye miguu yake, akamupa kazi kabisa: “Mujukuu wangu, wewe macho yako ni makali. Chunguza hapa nyumbani nani amemukasirikia mama yako. Ukimupata, uje uniambie.” Feza alifurahi sana. Tangu siku hiyo anakwenda kwa kila muntu anamutazama usoni, karibu, pua kwa pua. Mwalimu wa jirani alikimbia.

Na si neno tu, kuna na miiko. Nisisimame mulangoni, mutoto atasimama mulangoni naye. Nisifunge kilemba kwa nguvu. Lakini kubwa kuliko yote ni ile ya jana asubuhi. Nilikuwa nimeamua kutembea mpaka ziwani kufua nguo na kupanda tena, kwa sababu muzalishi anapenda sana nitembee. Nilikuwa nimefika kwenye kona nikakumbuka kwamba sabuni imebaki nyumbani. Nikageuza bega tu, bado sijageuza hata muguu, nikasikia ukelele:

“Usigeuke! Mama Feza, usigeuke!”

Alikuwa amesimama kwenye ua, mwiko mukononi.

“Mwenye tumbo akirudi katikati ya safari, mutoto naye anarudi!”

“Lakini sabuni, mama?”

“Zunguka!”

Nilizunguka. Kweli nilizunguka, na beseni ya nguo kichwani. Nilipita kanisani, nikafuata reli, nikakata sokoni katikati ya watu wanaoniambia pole, nikapanda nyuma ya shule, nikaingia nyumbani kwa upande mwingine kabisa, nikalowa jasho, nikachukua sabuni. Hapo miguu ilikataa. Sikufika ziwani. Nililala kwenye mukeka na sabuni kwenye mukono.

Mama mukwe alinifunika pagne, amefurahi. “Unaona? Hukugeuka.”

Mpaka jana usiku nilikuwa ninacheka na haya yote. Leo asubuhi niliacha kucheka.

Papa Feza alikuwa anakunywa chai yake kabla ya kazi. Mama mukwe alileta chupa, akaifungua, harufu ikajaa nyumba nzima. Majani na maganda, maji meusi yenye povu. Alimimina kikombe kimoja, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Kunywa yote, mwanangu. Mpaka jioni umezaa.”

Niliangalia kikombe. Hatujawahi kubishana, mimi na yeye, miaka minne ya ndoa. Akisema chumvi haitoshi, ninaongeza. Akisema Feza asinyolewe, simunyoi. Lakini muzalishi alituambia sote kwenye benchi pale materniti, na alikuwa hachezi: majani haya yanavuta bila kipimo, hakuna anayejua yatavuta kiasi gani, na tumbo linaweza kupasuka ndani mukiwa munasema dawa inafanya kazi. Alituangalia mumoja mumoja akisema hivyo. Mimi aliniangalia mara mbili.

“Mama,” nilisema, “samahani. Hii siinywi.”

“Ni chungu kidogo tu.”

“Si uchungu wake. Siinywi.”

“Nilizaa saba na majani haya!” Sauti yake ilipanda. “Bwana yako huyu alitoka na majani haya. Ao unamuona ana kasoro?”

Papa Feza aliangalia ndani ya chai. Mimi nilikuwa na majibu mawili matatu hapo. Nikayameza.

“Mama, ninakuheshimu. Uniambie nizunguke Kalemie yote, nitazunguka. Lakini kitu kisicho na kipimo hakiingii ndani yangu wakati niko na mutoto. Hata leo, hata kesho.”

Alinyanyua kikombe, akarudisha dawa ndani ya chupa, hata tone moja halikumwagika, akatoka. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko, mugongo kwetu. Mukate nilimupelekea, hakuugusa. Chai ilipoa. Papa Feza alikumbuka ghafla kwamba leo bandarini wanaanza mapema.

Nilikwenda chumbani nikalia. Niseme ukweli, kwa sababu kaye haiendi kusema kwa watu: sikulia kwa sababu ya mutoto. Nililia kwa sababu niliona mikono yake ilivyokuwa inanipa kile kikombe. Nilitaka kurudi nimuambie nimebadili mawazo. Pole ningeweza kumuambia mara mia.

Kunywa, hapana.

Basi asubuhi ilipita hivyo, mimi ninafagia upande huu, yeye ametazama ukuta upande ule, na katikati yetu Feza na kazi yake. Nilimuona akienda nyuma ya jiko. Alizunguka akamufikia bibi yake mbele, akachuchumaa, akamutazama pua kwa pua kama anavyofanya. Alikaa hapo muda. Halafu alirukaruka, akapiga makofi:

“Bibi! Nimemupata! Ni weye!”

Sikujua nicheke ao nijifiche. Nilisimama na ufagio wangu. Mama mukwe aliinua kichwa. Alimuangalia Feza. Aliniangalia mimi, na tumbo. Kisha niliona uso wake ukibadilika polepole, kama muntu aliyetafuta funguo siku nne na kuzikuta shingoni mwake.

“Yesu Maria,” alisema. “Ni mimi.”

Aliamka haraka kuliko nilivyowahi kumuona. “Leta maji! Maji safi! Kikombe kingine, si kile!” Mama Salima alisikia, akaja mbio akifikiri nimeanza kuzaa, akakuta tunatafuta kikombe.

Nilikaa kwenye kibao. Mama mukwe alisimama mbele yangu na kikombe cha maji. Akamueleza Mama Salima, kwa sababu Mama Salima hakuwa na nia ya kuondoka, kwamba kwa jambo hili muntu hasemi nusu. Akificha hata kidogo, maji yanakuwa maji tu.

“Asubuhi nimekukasirikia,” alianza. “Nimesema ndani ya moyo wangu kwamba una kiburi cha masista.”

“Ndiyo, mama.”

“Halafu kuna mengine.” Alivuta pumzi. “Nilisema Mpala, mbele ya watu, kwamba unasonga bukari kama uji.”

“Hiyo ni kweli kidogo,” Mama Salima alisema.

“Na Feza alipozaliwa.” Alimuangalia Feza, aliyekuwa anachezea kamba ya kuku. “Nilitaka mwanaume. Nilikaa siku tatu nikisema mikono inaniuma, ili nisimubebe. Haikuwa inaniuma.”

Hilo nilikuwa ninalijua. Nililijua siku ileile, nikiwa nimelala pale, ninahesabu mara alizopita kwenye kitanda bila kuinama. Nilifikiri limeisha. Lakini aliposema kwa kinywa chake, kitu kilishuka kwenye mabega yangu, na hapo njo nilijua kwamba nilikuwa nimekibeba.

Kumbe nilikuwa na neno.

“Nilikuwa ninajua, mama,” nilisema. “Nilikasirika. Sikusema.”

“Sema sasa.”

“Nilikasirika sana.”

“Vizuri. Nini tena?”

Basi na mimi nilitoa langu. Nilimuambia kwamba Pasaka, alipokuwa amefikia kwa dada yake huku Kalemie na akaja kutusalimu bila kutuma habari, mimi nilikuwa ndani. Nyumba ilikuwa chafu, sikuwa na kitu cha kupika. Nilimufundisha Feza aseme: mama amekwenda soko.

Aliniangalia bila kucheka.

“Nilikuwa ninajua,” alisema. “Niliona miguu yako chini ya pazia. Vidole vilikuwa vinajikunja.”

Mama Salima alianguka kwenye ukuta kwa kicheko. Mama mukwe alivumilia, alivumilia, alikuwa amekwisha kutia maji ya baraka kwenye kinywa, na hapo njo yalitoka yote kwa nguvu, hayakunyunyizwa kama inavyotakiwa, yalinipiga kuanzia shingo mpaka magoti. Alijaribu kusema maneno yake huku akipangusa macho: “Kama ni neno langu, nimelitoa... pita, mujukuu, njia iko wazi... ee Mungu wangu, vidole vile!” Nilicheka mpaka tumbo lilikaza kama ngoma. Nililishika kwa mikono miwili. Nilifikiri ni kicheko.

Tulipotulia aliuliza, akitazama pembeni:

“Na chupa?”

“Hapana, mama.”

“Kichwa ngumu.”

“Ndiyo, mama.”

Alitikisa kichwa. Baadaye, tumebaki sisi wawili, aliniambia kitu ambacho hakuniambia asubuhi. Majani haya, alipokuwa na tumbo lake la kwanza, mama yake aliyafuata mulimani, akalala njiani, akarudi miguu imevimba. Alimunywesha kwa mukono wake mwenyewe. Mwaka uleule mama yake alikufa. Tangu hapo, kila binti wa jamaa akikaribia kuzaa, yeye njo anapanda mulima.

Sasa nilielewa nilikataa nini. Na bado nisingekunywa. Vitu hivi viwili vinakaa pamoja ndani yangu leo, na havipigani.

Nilimuomba basi anioshe miguu nayo, maana miguu haina kitu cha kupasuka. Alipasha maji, akamimina chupa yote ndani ya beseni, akavuta kibao, akaishika miguu yangu iliyovimba kama mikate. Niliona haya, mama mukwe kuniosha mimi. Nilitaka kuivuta. “Tulia,” alisema, na aliikanda mpaka kwenye magoti, polepole, akiimba wimbo wa kanisani kwa pua. Maji yalipopoa aliyamwaga mwenyewe, akasuuza chupa akaiweka juani, kisha akakumbuka kwamba hakuna jua. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza.

Aliniambia nilale. Sikulala, nilichukua kaye.

Ngoja.

Imepita. Hiyo ni ya nne tangu nianze kuandika. Ya kwanza nilifikiri ni kicheko bado. Ya pili nilifikiri nimekaa vibaya. Ya tatu niliacha kufikiri, nilifunga macho nikaisikiliza. Inaanza mugongoni, chini kabisa, inakuja mbele kwa pande zote mbili, inakaza, inakaa kidogo, halafu inaachilia kwa upole na kuniacha na pumzi yangu.

Inabisha hodi.

Sitaki kusema haraka kwamba ni yenyewe. Muzalishi anasema kuna uchungu wa uongo unaopumbaza wanawake, wanafika materniti na muzigo wote na kurudishwa. Lakini wa uongo, anasema, ukiamka na kutembea unakwenda zake. Mimi nimeamka mara mbili, nimezunguka chumba. Haujakwenda. Kati ya ya tatu na ya nne niliandika mistari michache tu.

Nimekuwa ninamubembeleza siku tatu, na sasa anakuja, mimi njo ninaogopa kidogo. Mutoto wangu, usinihesabie. Njoo tu. Nguo zako zimekunjwa. Dada yako atakutazama pua kwa pua, usishituke, njo kazi yake. Na wewe, ukiwa mwanaume ao ukiwa binti, utabebwa siku ileile. Nina hakika.

Papa Feza yuko bandarini mpaka saa kumi na moja. Yeye atajua wa pili. Mvua imepungua kidogo, ninamusikia mama yake huko jikoni anapepeta muchele na kumueleza Feza kwa nini kuku hawapendi mvua. Katika kuingia materniti leo, ni mukono wake ninataka kushika, ule wenye harufu ya majani.

Ya tano.

Hii haikubisha sana, ilisukuma mulango. Ninafunga kaye, ninamuita. Najua atakayosema: ni maji yake ya baraka. Atalisema njia nzima chini ya mvua, atamuambia muzalishi, atalipeleka mpaka Mpala. Nami nitatikisa kichwa niseme ndiyo, mama, ni maji yako.

Nimembishia mara moja leo. Inatosha.